Ekzosi ya CG125 kwa Mlima wa Ipogolo: Shajara ya Mradi

Shajara hii inahusu pikipiki ya Kichina yenye injini ya aina ya CG125, inayofanya kazi ya bodaboda mjini Iringa. Mwenye pikipiki ni mpwa wangu. Alikuwa ameng'oa ekzosi ya kiwandani na kufunga ile fupi, nyepesi na yenye kelele inayouzwa katika maduka ya vipuri, kwa imani iliyoenea vijiweni kwamba pikipiki inayopiga kelele ndiyo yenye nguvu. Baada ya hapo abiria wa alfajiri wakaanza kumkwepa, askari wa usalama barabarani wakaanza kumtambua kabla hajatokeza, na pikipiki yenyewe ikawa haimalizi mlima wa kutoka Ipogolo kwenda mjini kwa gia ya tatu ikiwa na abiria. Tulikubaliana kwamba nitamtengenezea ekzosi yenye mngurumo anaoupenda, kwa sharti kwamba nguvu ya mlimani irudi na sauti isiizidi sana ile ya kiwandani.

Injini ya CG ilibuniwa na Honda katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na matengenezo huchelewa, na viwanda vingi vya China vinaendelea kuinakili. Ina silinda moja, valvu mbili zinazosukumwa kwa fito, kipenyo cha silinda cha mm 56.5 na mwendo wa pistoni wa mm 49.5, yaani ujazo wa cc 124. Ubavuni imepigwa chapa 156FMI, ambapo 56 ni kipenyo cha silinda na herufi ya mwisho ni kundi la ujazo. Mwenye injini iliyopigwa chapa 162FMJ ana cc 150, na asinakili kipenyo cha bomba kilichoandikwa hapa bila kurudia hesabu.

8 Juni 2024: vipimo kabla ya kugusa chochote

Mashine ya kupima nguvu ya injini haipo karibu, kwa hiyo mlima wenyewe umefanywa kipimo. Tulichagua kipande cha barabara ya kupanda kutoka Ipogolo, kati ya nguzo mbili, na kukipima kwa saa alfajiri kabla malori hayajajaa. Kila safari dereva alikuwa yuleyule, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 ulifungwa kwenye kiti cha abiria, upepo wa matairi ulikuwa sawa, na gia ilikuwa ya tatu tangu nguzo ya kwanza hadi ya pili. Kwa kila ekzosi tulipanda mara kadhaa, tukatupa muda mfupi kuliko yote na mrefu kuliko yote, na kuchukua wastani wa iliyobaki. Mpwa wangu alikuwa amehifadhi ekzosi ya kiwandani nyuma ya nyumba, ikiwa na kutu lakini haijatoboka, kwa hiyo tuliweza kuzilinganisha zote mbili.

Ekzosi ya kiwandani ilipanda kwa wastani wa sekunde 118. Ile ya kelele ilitumia sekunde 127. Mpwa wangu hakuamini, akaomba apande tena, na akarudi na muda uleule.

Mizunguko ya injini niliisoma kwa mita ndogo ya elektroniki inayofanya kazi kwa kuzungushia waya wake kwenye waya wa plagi. Iligharimu shilingi 25,000, na sijaihesabu katika gharama za ekzosi kwa kuwa ni kifaa cha karakana. Ilionyesha kwamba katika mlima huo injini hukaa kati ya mizunguko 5,500 na 6,500 kwa dakika. Wasomaji wanaotaka kuiga mradi huu waanze na namba hiyo ya mlima wao wenyewe, kwa sababu hesabu zote zinazofuata zinaitegemea.

Kwa sauti nilifuata utaratibu wa ISO 5130, kiwango cha kimataifa cha kupima sauti ya chombo kilichosimama, kadiri vifaa vilivyoruhusu: pikipiki imesimama, kipokezi cha sauti kiko sentimita 50 kutoka mdomo wa ekzosi kwa pembe ya digrii 45, kwenye kimo cha mdomo huo, na injini inashikiliwa kwenye nusu ya mizunguko ya nguvu yake ya juu. Kwa injini hii nusu hiyo ni 4,250. Nilitumia programu ya simu, ambayo haiwezi kuwa ushahidi mbele ya mtu yeyote, lakini inatosha kulinganisha ekzosi moja na nyingine mradi simu na mahali visibadilike. Ya kiwandani ilisoma desibeli 86, na ya kelele 103. Ikumbukwe kwamba ongezeko la desibeli 10 husikika na wengi kama sauti iliyoongezeka maradufu, kwa hiyo tofauti ya 17 si ndogo.

15 Juni 2024: yaliyomo ndani ya makopo

Tulizikata ekzosi mbili zilizokufa tulizopewa na fundi wa jirani, moja ya kila aina. Kopo la kiwandani, yaani sehemu pana ya nyuma inayopunguza sauti, lina vyumba vitatu vilivyotenganishwa kwa kuta za bati, na moshi hulazimika kwenda mbele na kurudi nyuma kupitia vibomba vyembamba. Bomba lake la mbele ni bomba ndani ya bomba, na la ndani, ambalo ndilo linalopitisha moshi, ni jembamba kuliko linavyoonekana kwa nje. Wengi wanaotengeneza bomba la kuiga hupima ganda la nje, na hapo ndipo wanapopotea.

Kopo la kelele halina kitu. Lina kibomba chenye matundu na nafasi tupu kukizunguka, na dalili tu kwamba zamani palikuwa na pamba ya kumeza sauti.

22 Juni 2024: hesabu ya urefu

Valvu ya kutolea moshi inapofunguka, mgandamizo unaotoka hukimbia ndani ya bomba kama wimbi. Katika hewa ya kawaida sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, lakini katika moshi wa moto wa ekzosi hufikia mita 500 na zaidi. Wimbi hilo likifika mahali bomba linapopanuka ghafla, yaani mwanzo wa kopo, sehemu yake hurudi nyuma likiwa limegeuka kuwa wimbi la kunyonya. Likifika kwenye valvu wakati valvu zote mbili ziko wazi, hunyonya mabaki ya moshi na kusaidia kuvuta mchanganyiko mpya wa hewa na petroli. Likiwahi au likichelewa, faida hiyo hupotea, na huenda likafika wimbi la kusukuma badala ya la kunyonya. Urefu wa bomba la mbele kwa hiyo ndio unaochagua ni katika mizunguko ipi injini itasaidiwa, na kukata bomba liwe fupi ni kuhamisha msaada huo kwenda juu, mbali na mahali dereva wa mlimani anapouhitaji.

Kanuni ya zamani ya mafundi wa pikipiki za mashindano ni hii: chukua 850, zidisha kwa digrii ambazo valvu ya moshi imekuwa wazi hadi pistoni inapofika juu, gawanya kwa mizunguko inayolengwa, kisha toa 3. Jibu ni urefu kwa inchi, kuanzia kwenye valvu.

Digrii za valvu sikutaka kuzikisia. Nilichapisha duara la digrii 360 kwenye karatasi, nikalibandika juu ya CD ya zamani, nikaifunga CD hiyo kwenye nati ya sumaku ya kuzalisha umeme inayozunguka pamoja na injini, na kuweka spoku iliyokunjwa kuwa mshale. Ili kupata juu kabisa kwa pistoni, plagi iliyokufa ilitobolewa katikati na kutiwa bolti inayoizuia pistoni kabla haijafika juu. Injini inazungushwa polepole kwa mkono hadi pistoni iguse bolti, digrii zinasomwa, kisha inazungushwa upande wa pili hadi iguse tena, na katikati ya namba hizo mbili ndipo juu kabisa. Tapeti, yaani nafasi ndogo za kuchezea za valvu, zilikuwa zimewekwa sawa kabla ya hapo. Valvu ya moshi ilianza kufunguka digrii 35 kabla ya pistoni kufika chini kabisa, kwa hiyo namba ya kutumia ni 180 na 35, yaani 215.

Kwa mizunguko 6,000, kanuni inatoa inchi 27.5, sawa na sentimita 70. Niliigeuza kanuni ili kuzikagua ekzosi mbili za mwanzo. Ya kiwandani, yenye sentimita 80 hivi, imelenga mizunguko kama 5,300, na hiyo ni kazi ya mhandisi aliyejua pikipiki itabeba gunia. Ya kelele, yenye sentimita 45, imelenga zaidi ya 8,800. Hakuna bodaboda yenye abiria inayofika huko mlimani, na zile sekunde tisa zilizopotea zikapata maelezo.

Kipenyo cha ndani nacho kina kanuni yake: ujazo wa silinda kwa cc unagawanywa kwa zao la 25 na urefu wa bomba uliojumlishwa 3, jibu linatafutiwa kipeuo cha pili, kisha linazidishwa kwa 2.1. Kwa cc 124 na inchi 27.5 inatoka inchi 0.85, yaani mm 21.5. Fundi mchomeleaji aliona ni jembamba mno na kushauri bomba la inchi moja na nusu "ili injini ipumue". Bomba pana hupunguza kasi ya moshi na kulidhoofisha wimbi, na katika injini ndogo hasara yake huonekana kwanza kwenye mizunguko ya chini. Sikukubali.

6 Julai 2024: bomba la mbele

Sehemu hii ndiyo iliyokula muda na fedha.

Kwanza tulipewa kipande cha bomba la maji bure. Lilikuwa limepakwa zinki, tukalirudisha. Zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa, baridi na maumivu ya mwili usiku wa siku hiyohiyo, na joto la ekzosi lingeendelea kuibabua. Bomba la fenicha, jeusi lisilopakwa kitu, ndilo linalofaa, na la inchi moja kwa nje linapatikana kila duka la vyuma.

Tulinunua lenye unene wa mm 1.2 kwa shilingi 14,000. Fundi akalijaza mchanga, akaziba ncha zote mbili, akalipasha moto hadi likawa jekundu na kuanza kulikunja kufuata kielelezo cha waya tulichokichukua kwenye ekzosi ya kiwandani. Kona ya kwanza, ile kali inayotoka kwenye silinda hedi na kushuka, ilibonyea kwa ndani hadi nafasi ikabaki kama nusu. Tulipojaribu kuichomelea flanji, yaani kisahani cha kulifungia bomba kwenye injini, ukuta ukatoboka kwa joto la umeme. Bomba hilo lilitupwa pamoja na shilingi 10,000 za ukunjaji.

Marekebisho yalikuwa mawili. Tulinunua bomba la unene wa mm 2 kwa shilingi 22,000, ambalo kipenyo chake cha ndani ni mm 21.4, karibu sawasawa na hesabu. Mchanga nao ulichekechwa, ukakaangwa kwenye karai hadi ukakauka kabisa, kisha ukamiminwa kidogo kidogo huku bomba likigongwagongwa kwa rungu la mbao ili ushikamane. Mchanga ulioachwa legelege ndio uliosababisha ule ubonyeo. Mchanga wenye unyevu ni hatari zaidi, kwa sababu maji yaliyofungiwa ndani ya bomba jekundu hugeuka mvuke na kufyatua kizibo kwa nguvu ya kuua. Mtu asisimame mbele ya ncha ya bomba wakati wa kupasha, hata kama ana hakika na mchanga wake.

Kona zote zilitoka nzuri. Likabaki tatizo la mdomo: tundu la moshi kwenye silinda hedi ni pana kuliko bomba letu, na kingo ya bomba ingesimama katikati ya njia kama ngazi. Fundi alichonga kipande cha nondo nene kuwa kama koni, akalipanua bomba likiwa jekundu kwa urefu wa sentimita tatu hivi mpaka likalingana na tundu. Flanji ilitolewa kwenye ekzosi iliyokufa. Matone ya kuchomelea yaliyoingia ndani yalikwanguliwa kwa tupa ya duara hadi kidole kilipopita bila kukwama. Kazi yote hii ya pili ililipiwa shilingi 15,000.

20 Julai 2024: kopo na pamba yake

Mngurumo hutengenezwa hapa. Injini ya silinda moja katika mizunguko 6,000 hulipuka mara 50 kwa sekunde, na huo ndio msingi mzito wa sauti. Juu yake kuna sauti nyembamba nyingi, za kupasua na kufoka, na hizo ndizo zinazoudhi watu majumbani. Vyumba vya kuta za bati hushughulika zaidi na sauti nzito, na pamba humeza zaidi sauti nyembamba. Anayetaka mngurumo bila makelele basi anahitaji kibomba kilichonyooka chenye matundu, kilichozungushiwa pamba ya kutosha katika kopo refu. Tulitumia ganda la kopo la kiwandani la ile ekzosi iliyokatwa, kuta zikiwa zimeondolewa, na kibomba kikakunjwa kutoka kwenye kipande cha bati la stenlesi kilichotobolewa matundu ya mm 4. Bati hilo na utoboaji wake viligharimu shilingi 8,000.

Kwa pamba tulianza na ile ya njano inayowekwa juu ya dari, ya shilingi 10,000. Siku ya kwanza programu ya simu ilisoma desibeli 90, na mpwa wangu akatangaza kwamba kazi imekwisha. Kabla ya mwisho wa mwezi sauti ilikuwa imepanda hadi 97 na nyuma ya pikipiki palikuwa na vumbi linalowasha ngozi. Pamba ya dari ni ya nyuzi fupi zilizoshikanishwa kwa gundi. Gundi huungua kwa joto la ekzosi, nyuzi hugeuka unga, na unga hutoka kupitia matundu. Kopo ilibidi lifunguliwe upya, kwa glavu na barakoa.

Safari ya pili kibomba kilizungushiwa kwanza nyuzi za stenlesi za kusugulia sufuria, zilizonyooshwa na kuvutwa kwa nguvu, kwa shilingi 6,000. Zile pamba laini za chuma cheusi zisitumike, maana huungua na kuota kutu upesi. Juu yake zikafuata nyuzi ndefu za kioo ambazo mafundi bodi huzitumia pamoja na gundi yao, bila gundi. Zinasokotwa mfululizo bila kukatwa, hivyo hazina ncha nyingi za kupeperuka. Iringa hazikupatikana wakati huo, zikaagizwa Dar es Salaam kwa basi, na jumla ilikuwa shilingi 18,000. Mfuniko wa nyuma umefungwa kwa skrubu badala ya kuchomelewa, ili pamba iweze kubadilishwa.

Ngao ya joto ya kiwandani imerudishwa mahali pake. Ekzosi nyingi za kelele huuzwa bila ngao, na makovu ya mviringo kwenye mashavu ya miguu ya kulia ya abiria, hasa akina mama waliopanda na khanga, ni ushahidi unaotembea mjini kote.

3 Agosti 2024: mishindo na stadi iliyokatika

Ekzosi ilipofungwa, pikipiki ilianza kupiga mishindo kila mafuta yanapoachiwa kwenye mteremko. Vijana wa kijiweni waliisifu, lakini ni ugonjwa. Gasketi ya shaba kati ya bomba na silinda hedi ilikuwa ya zamani na imelala bapa, na katika kila wimbi la kunyonya hewa baridi iliingia hapo, ikakutana na petroli isiyoungua na kulipuka ndani ya bomba. Kuthibitisha ni rahisi: injini ikiwa bado baridi, maji ya sabuni hupakwa kwenye kiungo, injini ikawashwa, na mapovu hutokea palipo na upenyo.

Katika kukaza ili kuziba, stadi moja, yaani bolti isiyo na kichwa inayoishikilia flanji, ilikatika ikiwa usawa wa hedi. Fundi alipendekeza kuitoboa kwa drili na kukata uzi mkubwa zaidi. Alumini ya hapo ni nyembamba, na drili ikiteleza kidogo tu hedi imeharibika, kwa hiyo tulichomelea nati juu ya kisiki cha stadi. Nati ya kwanza ilibanduka. Ya pili ilishika, na ikiwa bado ya moto tuligusisha mshumaa kwenye mzizi wa stadi ili nta iyeyuke na kuzama kwenye uzi, kisha tukaizungusha robo mbele, robo nyuma, mpaka ikatoka nzima. Kazi na stadi mpya viligharimu shilingi 12,000. Nati zote mbili sasa ni za shaba ya njano, ambayo haigandi kwenye chuma kwa joto.

Gasketi mpya zilitumika tatu mpaka kiungo kikatulia, shilingi 2,000 kila moja, kwa sababu gasketi iliyokwisha kubanwa haifai kurudishwa. Mishindo ilikoma.

17 Agosti 2024: jeti, na somo la Kitonga

Ekzosi inayopitisha moshi kwa wepesi huifanya injini ivute hewa zaidi, na petroli ikibaki ileile mchanganyiko huwa mkavu, yaani wenye petroli chache kwa hewa iliyopo. Hapa Iringa jambo hilo lilijificha. Mji uko mita 1,550 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko pwani. Kabureta iliyowekwa jeti, yaani kitundu cha kupitishia petroli, kwa ajili ya Dar es Salaam huku humwaga petroli kupita mahitaji, kwa hiyo ekzosi mpya ilikuwa inakula ile ziada. Plagi ilitoka na rangi ya kahawia nzuri kwa jeti ileile ya namba 98 tuliyoikuta.

Kisha mpwa wangu akapata kazi ya kufuata vitunguu Ruaha Mbuyuni. Baada ya kushuka mlima mkali wa Kitonga ulio njiani, takriban mita 1,000 chini ya Iringa na katika joto la bonde, pikipiki ilianza kusitasita ikivutwa kwa nguvu, na mizunguko ya injini mafuta yakiwa yameachiwa ikawa inapanda na kushuka yenyewe. Alinipigia simu: "Mjomba, imekuwa ya moto, na plagi ni nyeupe kama chaki." Nilimwambia aipumzishe, aivute choki kidogo na apande kwa upole. Injini inayoendeshwa kikavu namna hiyo kwa muda mrefu huweza kuunguza valvu au kutoboa pistoni, na petroli anayodhani ameiokoa hailipi nusu ya matengenezo.

Tulinunua jeti za namba 100, 102 na 105 kwa shilingi 15,000. Namba 102 iliponya tatizo la bondeni kabisa, ila iliporudi mjini plagi ilipata masizi na mlima ukawa mzito. Tulitulia kwenye 100, huku kipini cha sindano ya kabureta kikishushwa ngazi moja ili sindano yenyewe ipande na katikati ya mkono wa mafuta pasiwe pakavu. Jeti ya 102 imefungwa kwenye kifuko chini ya kiti kwa safari za Kitonga, na mpwa wangu amejifunza kuibadilisha kando ya barabara. Jeti ya 105 haikutumika. Aliyeko Tanga au Mtwara akiiga ekzosi hii atarajie kuanzia juu ya 100.

7 Septemba 2024: matokeo na gharama

Kwa kuwa vipimo vya Juni vilichukuliwa kwenye baridi kali, na hewa baridi ni nzito, sikutaka kulinganisha asubuhi ya Juni na ya Septemba. Ekzosi zote tatu zilipandishwa mlima asubuhi moja, zikibadilishwa kando ya barabara, jeti ikiwa ileile ya 100. Ya kelele ilitumia sekunde 128, ya kiwandani 119, na yetu 114. Sauti ya yetu sasa inasoma desibeli 89, tatu juu ya kiwandani, na mngurumo wake ni mzito kiasi kwamba wateja wa mpwa wangu wanautambua bila kuukimbia. Kwa matumizi ya kawaida ya mjini, lita moja iliyokuwa ikienda kilomita 34 kwa ekzosi ya kelele sasa inaenda 43. Kwa ya kiwandani ilikuwa 42.

Jumla ya fedha iliyotoka ni shilingi 145,000, ikiwamo 9,000 ya rangi inayostahimili joto. Kati ya hizo, 46,000 zilipotelea kwenye bomba la kwanza na ukunjaji wake, pamba ya dari na stadi, kwa hiyo anayefuata nyayo hizi atumie kama 99,000. Ekzosi ya kelele ilinunuliwa kwa 65,000. Mwenye ekzosi ya kiwandani iliyo nzima, ambaye hana haja ya mngurumo, ningemshauri aibakize na kubadilisha gasketi tu, kwa sababu sekunde tano za mlimani ndizo zote atakazozipata kwa fedha hiyo.

28 Septemba 2024: ufa kwenye kishikio

Ufa mwembamba ulionekana pembeni mwa uchomeleaji wa kishikio cha kopo. Kopo limefungwa moja kwa moja kwenye fremu, na bomba la mm 2 ni gumu kuliko la kiwandani, hivyo mtikisiko wote wa injini uliishia kwenye kiungo hicho. Kuuchomelea ufa bila kuondoa sababu kungeusogeza tu mahali pengine. Kishikio kimekatwa, tundu limepanuliwa, na bolti sasa inapita ndani ya bushi ya mpira iliyotolewa kwenye shokomzoba ya zamani, yenye kibomba cha chuma katikati ili mpira usibanwe ukapasuka. Shilingi 3,000 za fundi zinaongezwa kwenye hesabu ya juu. Katika kufunga, flanji ya mbele hukazwa kwanza, kopo likaachwa lijikalie lenyewe, na bolti ya nyuma ndiyo ya mwisho.

Pikipiki inayofuata ni Bajaj Boxer ya cc 144.8, ambayo kiwanda hutaja msukumo wake mkubwa kuwa katika mizunguko 5,000. Kwa urefu wa inchi 27.5 kanuni ya kipenyo inatoa mm 23 hivi, kwa hiyo bomba la fenicha la inchi moja lenye ukuta wa mm 1.2 lingetosha kwa kipimo lakini si kwa kukunjika. Itabidi tutafute bomba pana kidogo lenye ukuta mnene. Urefu wenyewe hautakatwa mpaka CD na spoku vifungwe kwenye sumaku yake na digrii za valvu zisomwe.